Shahada ya kwanza isomee nyumbani, ya pili ndiyo uipandie ndege

Kila matokeo ya KCSE yakitoka huwa napata swali lile lile kutoka kwa vijana wanaopenda tarakilishi, na siku hizi hata kutoka kwa wazazi wao: "Aende kusoma kompyuta nchi gani?" Wengine wameshachagua Ujerumani kwa sababu wameambiwa chuo huko ni bure. Wengine wanataja Kanada, wengine Uingereza. Kabla hata hujajibu unasikia kuna ploti inatafutiwa mnunuzi, au harambee imepangwa Jumamosi.

Jibu langu ni fupi na najua wengi hawatalipenda: asiende. Yaani asiende SASA. Kama anachotaka ni sayansi ya tarakilishi au uhandisi wa programu, na hakuna mtu wala shirika lililomlipia kila kitu, shahada ya kwanza aisomee hapa hapa nyumbani. Ng'ambo aende kwa shahada ya pili. Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza kwa hesabu, maana kazi yangu ni kuandika programu na hoja isiyo na hesabu hunisumbua.

Wazo hili tulilitoa wapi?

Fikra kwamba mtoto akifaulu sana lazima apande ndege ina historia yake. Septemba 1959 ndege yenye wanafunzi 81 iliondoka Nairobi kwenda Marekani, safari iliyopangwa na Tom Mboya na wenzake. Kufikia 1963 wanafunzi karibu 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamekwenda kwa mpango ule. Wangari Maathai alikuwa mmoja wa waliokwenda 1960. Akasoma biolojia huko Kansas, akamaliza 1964, kisha akachukua uzamili Pittsburgh.

Lakini tazama hali ilivyokuwa wakati huo. Mwaka wa 1959 Kenya haikuwa na chuo kikuu. Kulikuwa na Royal Technical College pale Nairobi, na Makerere ya Kampala ndiyo iliyotegemewa na Afrika Mashariki nzima, nafasi zenyewe za kuhesabu kwa vidole. Chuo Kikuu cha Nairobi kilisimama kivyake mwaka wa 1970. Kwa hivyo Mboya alikuwa anawatafutia vijana mahali pa kusoma kwa sababu nyumbani hapakuwa na mahali. Na Wangari mwenyewe, shahada yake ya uzamifu aliipatia wapi? Nairobi, mwaka wa 1971.

Kwa upande wetu wa tarakilishi sababu za kuondoka zilidumu zaidi kidogo. Kabla ya 2009 intaneti yetu ilipitia setilaiti, na kupakua Linux yenye ukubwa wa CD moja ilikuwa kazi ya usiku kucha, stima ikikubali. Mwaka ule nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa na mambo yakabadilika. Leo mhadhara wa MIT unausikiliza ukiwa Kakamega, kwa sababu chuo hicho kilitangaza mpango wake wa OpenCourseWare tangu 2001 na masomo yako wazi kwa kila mtu. Linux ni ile ile. Lugha za kuandikia programu ni zile zile. Algoriti ya kupanga orodha haifanyi kazi vizuri zaidi kwa sababu uliisomea Munich.

Haya, sasa hesabu

Twende Ujerumani, kwa sababu ndiko watu wanakosema ni bure. Ni kweli kwamba vyuo vingi vya umma huko havitozi karo, lakini si vyote. Jimbo la Baden-Württemberg lilianza mwaka wa 2017 kuwatoza wanafunzi wasiotoka Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa kila muhula. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Munich kikaanza kuwatoza karo wanafunzi wapya wa kigeni wa aina hiyo mwaka wa 2024.

Hata pale ambapo karo ni bure, chakula si bure, nyumba si bure, bima ya afya si bure. Serikali yao inajua hivyo, ndiyo maana kabla ya kukupa viza inataka uonyeshe pesa za kujikimu. Njia ya kawaida ni akaunti wanayoiita Sperrkonto: unaweka pesa za mwaka mzima, kisha unafunguliwa kiasi fulani kila mwezi. Septemba 2024 kiasi hicho kiliwekwa kuwa yuro 11,904 kwa mwaka, yaani yuro 992 kwa mwezi. Ukipiga hesabu ya shilingi 150 kwa yuro moja, hiyo ni shilingi 1,785,600. Na unapokwenda kuongezewa kibali cha kukaa, wanataka tena kuona unajikimu vipi.

Sasa linganisha njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuondoka na cheti cha KCSE. Cheti hicho peke yake kwa kawaida hakikuingizi chuo kikuu cha Ujerumani moja kwa moja. Unatakiwa kwanza upitie Studienkolleg, shule ya maandalizi ambayo huchukua mwaka mmoja hivi, au uwe tayari umesoma chuo kikuu nyumbani kwa muda. Masomo ya Studienkolleg ni kwa Kijerumani, na shahada nyingi za kwanza pia ni kwa Kijerumani, kwa hivyo kabla ya kuondoka kuna miezi mingi ya kujifunza lugha. Weka mwaka 1 wa maandalizi na miaka 3 ya shahada: miaka 4 mara 11,904 ni yuro 47,616. Kwa shilingi ni kama milioni 7.1. Sijahesabu nauli.

Njia ya pili ni kusoma miaka 4 hapa, kisha kwenda kwa uzamili wa miaka 2. Hapo ni yuro 23,808, kama shilingi milioni 3.6. Uzamili mwingi wa tarakilishi huko unafundishwa kwa Kiingereza. Kweli, kuna karo ya nyumbani ya kuongeza hapo. Lakini hiyo unailipa kwa shilingi, kidogo kidogo, mtoto akila ugali wa nyumbani, na asipoweza kuendelea mwaka wa pili hakuna mtu wa kumfukuza nchini.

Na sasa sikiliza hili, maana ndilo hunishangaza kuliko yote. Ukimaliza shahada Ujerumani unaweza kupewa kibali cha hadi miezi 18 cha kutafuta kazi inayolingana na elimu yako. Mwenye shahada ya kwanza anapata hiyo miezi 18. Mwenye uzamili naye anapata miezi 18 hiyo hiyo. Mlango ni mmoja. Mmoja ameufikia kwa miaka 4 ya kujikimu kwa yuro, mwingine kwa miaka 2, tena huyu wa pili ana shahada mbili mkononi.

"Lakini atafanya kazi akisoma"

Hapa ndipo wengi hunijibu, na ni kweli. Tangu Machi 2024 mwanafunzi wa kigeni Ujerumani anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Swali ni kazi gani.

Kijana wa miaka 19 aliyetoka kidato cha nne, ambaye Kijerumani chake bado kinachechemea, atapata kuosha vyombo, kupanga mizigo ghalani au kusafisha ofisi. Ni kazi halali na siidharau hata kidogo. Lakini akitoka huko saa sita usiku, ile hisabati ya saa mbili asubuhi haimwonei huruma. Mwenye shahada ya kwanza na miaka kadhaa ya kuandika programu anaomba kazi ya mwanafunzi katika kampuni ya programu, au usaidizi katika idara yake ya chuo, na hiyo ya chuoni huwa haihesabiwi katika zile siku 140. Saa zile zile anazojilisha nazo zinamjengea ujuzi.

Kwa lugha yetu ya kazi: huwezi kukimbiza programu nzito kwenye mashine ambayo kumbukumbu yote imeshaliwa na kitu kingine.

Masharti hubadilika katikati ya mradi

Kila mwandishi wa programu anajua mradi mrefu hufika mwisho wake ukikuta masharti si yale uliyoanza nayo. Nchi za watu ni vivyo hivyo. Denmark ilianza kuwatoza karo wanafunzi kutoka nje ya Ulaya mwaka wa 2006, Uswidi 2011, Ufini 2017, Norwei 2023. Kanada iliweka kikomo cha idadi ya vibali vya wanafunzi Januari 2024, na mwezi huo huo kiasi cha pesa za kujikimu kikaruka kutoka dola 10,000 za Kanada hadi 20,635. Uingereza, kuanzia Januari 2024, iliwazuia wanafunzi wengi wa kigeni kuja na familia zao. Marekani ilitangaza Septemba 2025 ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza ya kazi ya H-1B, ile ambayo wahandisi wengi wa programu hutegemea baada ya masomo.

Sisemi nchi hizo zinafanya vibaya. Ni nyumba zao, wanapanga viti wanavyotaka. Ninachosema ni kwamba mradi wa miaka miwili una nafasi nzuri ya kumalizika kabla viti havijahamishwa. Mradi wa miaka mitano, pamoja na lugha na maandalizi, hauna. Tena Kanada hiyo hiyo, Februari 2024, iliamua kwamba mtu wa uzamili anaweza kupata kibali cha kazi cha miaka 3 hata kama masomo yake yalikuwa ya chini ya miaka 2. Yaani hata mlango ukifungwa, mwenye shahada ya pili mara nyingi huachiwa upenyo.

Ufadhili nao uko huko huko

Angalia pia mahali pesa za bure zilipo. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya ni ya uzamili: inalipa karo na kumpa mwanafunzi yuro 1,400 kwa mwezi. Chevening ya Uingereza ni ya uzamili wa mwaka mmoja, inataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka 2, na baadaye urudi nyumbani kwa miaka 2. ABE Initiative ya Japani, iliyoanza kupokea vijana wa Kiafrika mwaka wa 2014, ni ya uzamili. DAAD ya Ujerumani na ufadhili wa Jumuiya ya Madola vinalenga zaidi uzamili na uzamifu. Na ukienda Marekani kwa uzamifu wa tarakilishi, idara nyingi hukusamehe karo na kukulipa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti.

Sasa mtu ameuza shamba kulipia kile ambacho hakina wafadhili wengi, ili miaka minne baadaye aombe kile ambacho kina wafadhili. Shamba halikuhitaji kuuzwa.

Nani aende mara moja?

Yule aliyelipiwa KILA KITU. Vyuo kama MIT, Harvard, Yale, Princeton na Amherst humchagua hata mwanafunzi wa kigeni bila kuangalia mfuko wa babake, kisha humfidia anachokosa. Mpango wa KenSAP, ulioanza Iten mwaka wa 2004, umekuwa ukiwasaidia vijana wa Kenya wasio na uwezo kuingia vyuo vya namna hiyo. Ukipata barua kama hiyo usinisikilize mimi, funga sanduku. Vile vile kama somo lako halifundishwi hapa kabisa.

Lakini barua iliyosema "ufadhili wa nusu" isome mara tatu. Nusu inayobaki huwa kubwa kuliko karo nzima ya hapa.

Na mtu asikwambie kwamba kwa sababu mpango umepitia ofisi kubwa basi uko salama. Sote tuliona yaliyotokea Uasin Gishu. Kaunti ilianza 2021 mpango wa kupeleka vijana vyuo vya Ufini na Kanada, wazazi wakalipa pesa zao kupitia kwa kaunti. Kufikia 2023 wazazi walikuwa wanaandamana Eldoret wakidai pesa zao, vijana wengine wamekwama huko karo haijafika chuoni, wengine hawajaondoka kabisa, na kesi ikafika mahakamani. Funzo langu ni la kiufundi: usiweke mtu wa kati mahali ambapo hahitajiki. Ukiwa unaweza kusoma ukurasa huu, unaweza kusoma masharti ya chuo kwenye tovuti ya chuo chenyewe. Maombi mengi ya Ujerumani hupitia uni-assist, na ada yake imekuwa yuro 75 kwa chuo cha kwanza na 30 kwa kila kingine cha muhula huo. Wakala anayetaka laki mbili akujazie fomu hiyo anauza uvivu wako.

"Na migomo je?"

Swali zuri, na sitajifanya vyuo vyetu ni peponi. Mwaka wa 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma siku 49. Maabara nyingine zina mashine zinazofaa makumbusho. Kuna masomo yanafundishwa kwa notsi zilizoandikwa kabla ya mwanafunzi kuzaliwa.

Lakini siku 49 ni siku 49. Mradi wa Sperrkonto ukikwama katikati kwa sababu mzazi ameachishwa kazi, unaacha mtoto katikati ya safari, hana shahada na shamba halipo. Na kwa fani yetu hasa, mgomo haukuzuii kuandika programu. Anayejua kuunganisha tovuti ya duka na M-Pesa ana kazi Nairobi hata kabla hajahitimu, na kazi hiyo ndiyo itakayomtetea baadaye mbele ya kamati ya uzamili. Microsoft ilipofungua kituo chake cha kutengeneza programu Nairobi mwaka wa 2019, ilikuwa inatafuta wahandisi walioko hapa.

Miaka minne ya nyumbani itumie hivi

1. Chagua shahada yenyewe kwa makini. Vyuo vingi vya Ujerumani hukagua masomo uliyosoma moja moja. Wakikosa hisabati ya kutosha, algoriti, mifumo endeshi, hifadhidata na nadharia ya tarakilishi, watakukataa hata kama ulipata daraja la kwanza. Shahada za teknolojia ya habari zilizochanganywa na biashara huwaumiza wengi hapa, na hugundua wakiwa wameshahitimu.

2. Linda alama zako tangu mwaka wa kwanza. Alama za mwaka wa kwanza huonekana kwenye karatasi ile ile na za mwaka wa nne.

3. Andika programu hadharani. Changia miradi huria, hata kama ni kurekebisha maelezo au kutafsiri menyu kwa Kiswahili. Atakayekuchagua ataweza kuona kazi yako bila kukujua.

4. Jifunze Kijerumani polepole, kama ndiko unakolenga. Uzamili utakuwa kwa Kiingereza, lakini mwenye nyumba na mwajiri mdogo wa mtaani hawakuusoma. Goethe-Institut iko Nairobi.

5. Wajue wahadhiri wawili kwa kazi yako. Barua ya mhadhiri anayekukumbuka ina uzito kuliko ya profesa anayeuliza jina lako.

6. Usikae sana. Bima ya afya ya bei ya mwanafunzi Ujerumani kwa kawaida huishia ukifika miaka 30, na baada ya hapo gharama hupanda. Miaka miwili ya kazi baada ya chuo inatosha, kisha omba.

Nimalizie kwa wazazi. Najua picha ile ya uwanja wa ndege, familia nzima na mashati mapya, ina utamu wake. Mimi sikatai ndege. Nakataa kuuza kitu kisichorudi ili kununua kitu ambacho miaka minne baadaye kingenunuliwa kwa nusu ya bei, na pengine kwa pesa za wafadhili. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Shamba likibaki na mtoto akaenda baadaye, bado ameenda. Shamba likienda na mtoto akarudi bila shahada, hakuna amri ya kutendua.

Haya, uwanja ni wenu. Mliokwenda na KCSE mkafaulu mnijie na hesabu zenu, nami nitazisoma moja moja.